Namba za E, chumvi na mafuta ya juzi: mwongozo kamili wa kula salama Mwanza

Shika pakiti ya tambi za kupika haraka kwenye duka lolote la Kirumba au Buhongwa, uigeuze nyuma. Utakuta maandishi madogo kama punje za ulezi: E621, E330, E500, INS 102. Wapo wasioyasoma kabisa. Wapo wanaoyaona wakashtuka, wakarudisha pakiti kwenye rafu, kisha wakavuka barabara kununua chipsi zilizotoka kwenye mafuta meusi ya tangu juzi. Huyu wa pili anadhani amekimbia kemikali, kumbe ameikimbilia.

Viongezeo vya chakula ni vitu vinavyotiwa kwa makusudi ili chakula kisiharibike upesi, kipate rangi, kiwe kizito, kisijitenge au kikolee ladha. Baadhi yake vinastahili tahadhari, na tutavitaja kwa jina. Lakini ukipanga madhara ya mezani kwa uzito wake, kwanza utakutana na chumvi, sukari, mafuta yaliyochoka na ukungu wa nafaka. Namba za E ziko nyuma kabisa ya foleni.

Namba zinasema nini

Herufi E ni ya Ulaya. INS ni mfumo wa kimataifa wa Codex Alimentarius, shirika la viwango vya chakula lililoundwa mwaka 1963 na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya. Namba kwa kawaida ni zilezile: E102 na INS 102 ni rangi moja ya njano, tartrazini. Kuwa na namba ya E maana yake kitu hicho kimechunguzwa na kupewa utambulisho, hata kama kimetoka shambani. E300 ni vitamini C. E330 ni ile asidi inayofanya ndimu iwe chachu. E160a ni rangi ya karoti, E440 ni pektini inayogandisha jamu, na E500 iko kwenye kopo la soda ya kuokea lililoko jikoni kwako.

Huhitaji kuzikariri. Shika koo zake tu: 100 mpaka 199 ni rangi, 200 mpaka 299 ni vihifadhi, 300 mpaka 399 ni vitu vya kuzuia mafuta kuchacha na vya kurekebisha uchachu, 400 mpaka 499 ni vya kufanya chakula kiwe kizito au kuunganisha maji na mafuta. Za 500 hudhibiti uchachu na kuzuia unga usigande, na za 600 hukoleza ladha. Utamu usio sukari uko zaidi kwenye 950 na kuendelea.

Kusoma pakiti dukani

Anza na orodha ya viambato. Vimepangwa kwa uzito, kilicho kingi mbele. "Juisi ya embe" ambayo orodha yake inaanza na maji, sukari, kisha asidi na rangi, ni maji ya sukari yenye picha ya embe. Sukari nayo hujificha kwa majina mengi: glukosi, fruktosi, maltodekstrini, sharubati ya mahindi. Zikitokea tatu katika orodha moja, zijumlishe kichwani, huenda ndizo zingekuwa za kwanza.

Kisha nenda kwenye jedwali la virutubishi, usome safu ya gramu 100. Usisome ya "kwa mlo", kwa sababu mwenye kiwanda ndiye aliyeamua ukubwa wa mlo huo. Chakula chenye chumvi zaidi ya gramu 1.5 katika gramu 100 kina chumvi nyingi, na kisichozidi 0.3 kina kidogo. Sukari zaidi ya gramu 22.5 ni nyingi, 5 kushuka chini ni kidogo. Kwa vinywaji, nyingi huanzia gramu 11.25 katika mililita 100. Pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Sodiamu miligramu 800 ni gramu 2 za chumvi.

Mwisho tazama alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na jina la mzalishaji. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, haupo tena kwa iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Pakiti isiyo na jina la mtu wa kumuuliza irudishe, hata kama bei yake inavutia.

Maswali yanayoulizwa kila siku

Je, ajinomoto ina sumu? Hapana. Ni glutameti (E621), ladha ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye mwani, na iko kwa asili kwenye nyanya mbivu na nyama. Majaribio ambayo mlaji hakujua amepewa ipi hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba kiasi cha kawaida cha mezani kinaumiza kichwa, ingawa wachache wanaopewa gramu 3 au zaidi bila chakula hulalamika kwa muda mfupi. Sodiamu yake ni kama asilimia 12, wakati chumvi ya mezani ina 39. Kwa hiyo unaweza kuitumia kupunguza chumvi: kwenye sufuria ya mchuzi wa watu watano, punguza chumvi kwa theluthi, tia robo kijiko cha chai cha ajinomoto. Kosa la wengi ni kuiongeza juu ya chumvi ileile, tena juu ya kipande cha supu, kile kidonge cha viungo cha dukani. Kipande hicho, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi.

Rangi za barafu, pipi na ubuyu je? Hapa tahadhari ina msingi. Baada ya utafiti uliofanyika Southampton, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007, Umoja wa Ulaya uliamuru kuanzia 2010 vyakula vyenye rangi sita (E102, E104, E110, E122, E124 na E129) viandikwe kwamba vinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Athari iliyoonekana ilikuwa ndogo na haikumpata kila mtoto, lakini kwa kuwa rangi haina lishe yoyote, mtoto hakosi kitu akinyimwa. Shida kubwa zaidi ni vile vikaratasi vya rangi visivyo na namba wala jina la mzalishaji. Rangi ya chakula na rangi ya kutilia mikeka zinaweza kufanana machoni. Ukitaka ubuyu mwekundu nyumbani, chemsha vipande vya bitiruti, chuja, tumia maji yake kuyeyushia sukari. Hautang'aa kama wa dukani, lakini utajua umetiwa nini.

Kihifadhi cha soda, sodiamu benzoeti (E211)? Tufanye hesabu, maana hesabu hii inafaa kwa kiongezeo chochote. Wataalamu hutafuta kiasi kisicholeta madhara kwa wanyama wa majaribio, kisha kwa kawaida hukigawa kwa 100, wakapata kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote. Kwa benzoeti, Ulaya imeweka miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, na kamati ya FAO na WHO ilipandisha hadi 20 mwaka 2021. Mtoto wa kilo 15 kwa kipimo cha Ulaya anastahili miligramu 75. Kinywaji chenye miligramu 150 kwa lita kitamfikisha hapo akinywa nusu lita. Mtu mzima wa kilo 70 atahitaji zaidi ya lita mbili. Ndiyo maana chupa ileile inayopita kwa baba inaweza kumtosha mtoto kupita kiasi. Tena kabla benzoeti haijasumbua, sukari imeshafika: soda ya mililita 350 hubeba karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai.

Utamu bandia? Aspatemu (E951) ilitajwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2023 kuwa "huenda" ikahusika na saratani, ushahidi ukiwa mdogo. Kamati ya FAO na WHO iliacha kiasi kilekile, miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 mpaka 14 kwa siku ili akivuke. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria hawatakiwi kuigusa. Kwa anayetaka kupungua mwili, WHO mwaka huohuo ilishauri asitegemee utamu bandia.

Soseji na nyama za kopo? Hizi punguza kweli. Nitraiti (E250) huzuia vijidudu hatari vya botulizimu, kwa hiyo si ya kudharauliwa, lakini nyama zilizosindikwa ziliwekwa mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gramu 50 kila siku, sawa na soseji moja ya wastani, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Iwe mara moja kwa wiki, si kila asubuhi. Kuwapa watoto wa shule soseji kila siku na kuwaacha sato na dagaa wa hapahapa mwaloni ni biashara ya hasara.

Kwenye mkate, epuka E924, potasiamu bromeiti. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990. Mwokaji anaweza kupata unga mzuri kwa E300, ambayo ni ile vitamini C.

Pima chumvi na sukari kwa pakiti

WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Nani hupima kijiko wakati wa kupika? Pima pakiti. Familia ya watu wazima watano ikitumia gramu 25 kwa siku, pakiti ya nusu kilo itakaa siku 20. Andika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha siku ya kumi, mnakula maradufu, na hapo hatujahesabu mkate, kipande cha supu wala kayabo, yaani samaki wa chumvi. Wakiwamo watoto, inatakiwa ikae zaidi ya hapo.

Usipunguze kwa kishindo, chakula kitakataliwa mezani. Punguza robo kila wiki mbili, ulimi utazoea. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, tangawizi, na ndimu inayokamuliwa sufuria ikishaepuliwa hufanya kazi kubwa ya kuziba pengo. Chumvi iwe yenye madini joto, itunzwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, na itiwe mwishoni, kwa sababu madini hayo hupotea kwa joto na unyevu.

Sukari nayo vivyo hivyo: kikomo ni kama gramu 50 kwa mtu mzima, na 25 ndiyo bora. Watu watano wakimaliza kilo moja ndani ya siku nne, wamefika kwenye kikomo kwa chai peke yake.

Magadi kwenye maharage na makande

Magadi hulainisha upesi na kuokoa mkaa, hilo halina ubishi. Lakini huua vitamini B1, huongeza sodiamu, na magadi ya asili ya Tanzania huweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka. Hata soda ya kuokea si nyepesi: kijiko kimoja cha chai kina sodiamu kama gramu 1.2, sawa na gramu 3 za chumvi.

Badala yake chagua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mara tatu ya ujazo wake kwa saa 8 mpaka 12. Mwaga maji hayo. Weka mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili, kisha punguza. Hizo dakika 10 ni za lazima hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto mdogo. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive, kwani uchachu hukaza ganda. Yakikataa kulainika baada ya saa mbili, mara nyingi ni ya zamani au yalitunzwa kwenye joto, na hapo robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa nusu kilo inatosha.

Mafuta ya kukaangia

Hapa ndipo pa kukaza macho, kwa mama ntilie na kwa nyumbani. Mafuta yakipashwa na kupoa tena na tena hukatika, yanazaa vitu vyenye uchungu na vinavyoudhi tumbo. Hakuna idadi ya mara inayofaa kwa wote, dalili ndizo husema. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yakitoa povu dogo lisilotulia, yakinata kama asali, au yakianza kufuka moshi kabla ya kukolea moto, yamekwisha.

Kuyafanya yadumu: viazi vikikatwa viloweke kwenye maji baridi dakika 20 hadi 30, uvichuje na kuvikausha kwa kitambaa safi. Wanga ukipungua, chipsi haziungui upesi, na maji yakipungua mafuta hayarushi wala kukatika. Joto liwe kama nyuzi 175. Usipokuwa na kipimo, tupia kipande kimoja: kikizama kikakaa kimya, bado; kikipanda juu mara moja kikichemka vizuri, tayari; kikibadilika rangi ndani ya nusu dakika, punguza moto. Toa chipsi zikiwa za dhahabu. Rangi ya kahawia iliyokolea ni dalili ya akrilamaidi, kemikali yenye shaka inayozaliwa wanga ukiungua kwa joto kali, ambayo hakuna aliyeiongeza na haina namba ya E. Chumvi itiwe kwenye sahani, si juu ya karai.

Yakipoa yachuje kwa kitambaa, yafunike, yaweke gizani. Usiongeze mapya juu ya yaliyochoka ukidhani unayafufua, kwani ya zamani huyaharibu mapya haraka. Na mafuta yaliyokaangia samaki yabaki ya samaki.

Samaki, kayabo na dagaa

Watu husema samaki asiyetuliwa na nzi amewekwa dawa ya maiti. Si kipimo cha kuaminika, maana samaki aliyekaa kwenye barafu hapati nzi wengi. Tazama macho yaliyotuna na kung'aa, fungua mashavu uone wekundu, bonyeza mnofu uone kama unarudi. Harufu iwe ya ziwa. Mashavu ya kijivu yenye ute ni ya kuacha hata kama muuzaji amemwagia maji dakika hiyohiyo. Kutoka mwaloni mpaka nyumbani, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki.

Samaki wa kuvuliwa kwa sumu ni jambo jingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi huo. Kuchemsha hakuondoi sumu za namna hii, wala mpishi hawezi kuzitambua kwa macho. Nunua kwenye mwalo unaokaguliwa, usinunue kwa mtu wa usiku anayeuza kwa nusu bei.

Kayabo ni sangara aliyezamishwa kwenye chumvi. Mkate vipande vya vidole viwili, mloweke kwenye maji mengi baridi kwa saa 8, ukibadilisha maji mara tatu au nne. Kwa joto la Mwanza usimwache mezani usiku kucha, kwa sababu chumvi ikishatoka hana tena kinga ya kuoza. Kama hakuna friji, tumia njia ya moto: chemsha dakika 10, mwaga, rudia mara mbili. Onja kipande kilichoiva kabla ya kuunga, na usitie chumvi nyingine.

Dagaa chagua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa chini huja na mchanga na kinyesi cha kuku. Wenye harufu ya mafuta ya taa au dawa ya wadudu waache, kwani wapo wanaopulizia dawa kuzuia wadudu ghalani, na hiyo si kihifadhi cha chakula kwa kanuni yoyote. Kuwaosha, watie kwenye maji ya uvuguvugu, wakoroge, kisha wanyanyue kwa mikono ukiacha mchanga chini. Ukimimina maji pamoja nao, mchanga unarudi juu yao. Rudia mara tatu.

Karanga, mahindi na uji wa mtoto

Sumukuvu hutokana na ukungu, hushambulia ini, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haitoki kwa kuchemsha. Karanga zilizosinyaa, zenye weusi au zilizovunjika zitupe kabla ya kukaanga. Wauzaji wengine huzipeleka kwenye siagi ya karanga ambako hazionekani, kwa hiyo ukiweza saga zako.

Mahindi yapime hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi theluthi moja, tia chumvi kavu vijiko viwili vya chakula, funga, tikisa kwa dakika moja, yaache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu utadanganyika, kwa hiyo ianike kwanza.

Unga wa lishe wenye nafaka saba, soya na karanga ndani ya mfuko mmoja unapendwa sana, lakini kila kimoja huiva kwa muda wake na karanga moja mbovu huharibu wote. Pika uji wa nafaka moja au mbili, kisha ongeza vingine. Dagaa waliooshwa wakakauka, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika 5 mpaka 8, saga, chekecha, weka kwenye chupa yenye mfuniko na utumie ndani ya wiki mbili, kwa kuwa mafuta yake huchacha. Kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli la mtoto aliyevuka miezi sita, mwishoni mwa kupika, kinamletea protini na kalsiamu. Chini ya mwaka mmoja asitiwe sukari, chumvi wala asali.

Ukikuta kasoro

Usitupe pakiti. Piga picha ya mbele, ya nyuma, namba ya toleo na tarehe. Bakiza chakula chenyewe kwenye mfuko safi ndani ya friji, na tunza risiti au andika duka na saa uliyonunua. Peleka vyote TBS, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa jijini. Bila namba ya toleo hawawezi kujua mzigo upi uondolewe madukani. Kama mtu ameshaugua, aende kituo cha afya kwanza na pakiti ibebwe naye, daktari atataka kuiona.